Maumivu sugu ya kisigino: mashine isiwe ya kwanza

Kisigino kinachochoma ukikanyaga chini asubuhi, kikapoa ukishatembea kidogo, kisha kikaanza tena jioni, mara nyingi shida yake ni kano pana ya unyayo, pale inaposhika mfupa wa kisigino upande wa ndani. Eksirei ikionyesha kimfupa kilichochomoza, mgonjwa huambiwa mawimbi ya mshtuko, yaani mapigo ya nguvu ambayo mashine huyapitisha kwenye ngozi hadi kisiginoni, yatakivunja. Hayakivunji. Watu wengi wana kimfupa hicho na hawaumwi, na hata anayepona baada ya tiba hubaki nacho. Wazo la kuvunja limetoka kwenye mawe ya figo, ambako mawimbi haya yalitumika kwa mgonjwa wa kwanza mjini Munich mwaka 1980.

Tiba yenyewe naikubali. Nisichokubali ni kumlaza mtu kwenye mashine wakati kisigino kina wiki tatu tu tangu kianze kuuma. Subiri miezi 6, na muda huo ufanye kazi: kabla ya kushuka kitandani, pandisha mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea kwenye ugoko mpaka unyayo ukaze, shikilia sekunde 10, rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Ongeza viatu vyenye soli nene. Wengi hawatahitaji kulipia zaidi ya hapo.

Ukifika kwenye mashine, uliza ni ya aina gani. Moja hukusanya mawimbi yakutane ndani kabisa. Nyingine, ambayo ni nafuu zaidi, husukuma kipande cha chuma kwa hewa iliyobanwa kikagonga kichwa cha mpini. Nguvu yake hupungua kadiri inavyoingia ndani. Kwa hii ya pili, utaratibu uliozoeleka ni mapigo 2,000 kila mara, vikao vitatu, wiki moja kati ya kimoja na kingine. Presha ya hewa hiyo huanzia chini, karibu bar 2, na kupandishwa kadiri mgonjwa anavyostahimili. Jeli inayopakwa kati ya ngozi na mpini iwe ya kutosha, maana hewa ikibaki katikati wimbi haliingii.

Kosa kubwa kuliko yote ni sindano ya ganzi. Kwa ganzi, mgonjwa hawezi kusema "hapo hapo", na mhudumu anapiga kwa kubahatisha. Tafiti zimeonyesha matokeo hupungua, kwa hiyo anayekuchoma ganzi ili usilalamike amekupunguzia dawa. Maumivu ya wastani ndiyo ramani.

Usitarajie miujiza pia. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2008, waliofanikiwa baada ya wiki 12 walikuwa asilimia 61, lakini hata waliopewa tiba bandia walifika asilimia 42. Tofauti ipo, ila si ile ya kwenye matangazo. Na ukihukumu baada ya kikao kimoja, hujapima chochote.

Mjamzito, mwenye saratani au maambukizi mahali pale, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wasifanyiwe bila daktari kuamua.

Wiki 12 baada ya tiba zikipita bila nafuu, usinunue vikao vingine. Bana kisigino kwa viganja kutoka pande zote mbili: kikiuma sana hivyo, huenda mfupa una ufa, na hapo kinachohitajika ni vipimo.