Plazma baridi: mwale wa zambarau na foleni ya mionzi

Hivi majuzi, katika kundi la WhatsApp la mchango wa matibabu ya mama mmoja jirani yetu hapa Umoja, mtu alituma video fupi. Kifaa kama kalamu kinatoa mwale wa zambarau, mwale unapitishwa juu ya kidole na kidole hakiungui. Maandishi ya chini yanasema mwale huo, uitwao plazma baridi, unaua saratani bila kemo wala kisu. Jioni ile kijana wa yule mama alinipigia. Mama ana saratani ya mlango wa kizazi na yuko katikati ya mionzi. Je, si afadhali asimame kwanza, watu wachange upya, apelekwe Ujerumani?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Plazma hii haihusiani na ile ya damu. Ni gesi iliyotiwa umeme hadi baadhi ya atomi zake zikapoteza elektroni. Ukipita Kariobangi Light Industries unaiona kila siku, kwani ule mng'ao wa fundi anayechomelea vyuma ni plazma, ya maelfu ya nyuzi za joto. Fundi wa stenlesi huwa na mtungi wa gesi ya agoni kando yake, na vifaa kadhaa vya plazma vya hospitalini hutumia agoni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba katika plazma baridi joto kali hubaki kwa elektroni tu. Gesi yenyewe haizidi sana joto la mwili. Ikikutana na hewa na majimaji huzalisha kemikali kali za oksijeni na naitrojeni, ikiwemo haidrojeni peroksaidi. Seli ya saratani mara nyingi tayari imelemewa na kemikali za namna hiyo kutokana na mwendo wake wa kasi, kwa hiyo ikiongezewa kidogo huzidiwa na kufa, ilhali seli ya jirani isiyo na ugonjwa huweza kustahimili.

Matumaini hayo yana msingi. Mwaka 2013 Ujerumani iliidhinisha kifaa cha aina hii kwa ajili ya vidonda sugu. Kule Greifswald, madaktari wakakitumia kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa wameshindikana, wenye vidonda vilivyooza, na wengi wao harufu ikapungua. Kwa wachache hata uvimbe ulisinyaa kwa muda. Tübingen, mji mwingine wa Ujerumani, wamejaribu plazma ya namna hii kwa wanawake wenye mabadiliko ya awali kwenye mlango wa kizazi, na kwa wengi mabadiliko yakatoweka. Marekani nayo iliruhusu mwaka 2019 jaribio lililochukua wagonjwa 20 wenye saratani iliyokomaa au iliyorudi. Walikatwa uvimbe kwanza, kisha eneo lililobaki wazi likapigwa plazma. Madhara makubwa ya kifaa hayakuonekana.

Lakini tazama vizuri kilichopimwa. Wale 20 walikuwa wa kupima usalama, na hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo. Walikatwa pia, ingawa video inasema hakuna kisu. Wa Tübingen hawakuwa na saratani. Walikuwa na hatua inayoitangulia, ambayo mara nyingi hupona yenyewe.

Halafu kuna kina. Kemikali za plazma hazizami mbali ndani ya nyama, huishia karibu na juu. Uvimbe ulio tumboni au kwenye umio, saratani inayotusumbua sana Kenya, mwale haufiki bila kupasua au kupitisha mrija. Na kipimo bado ni mjadala. Mionzi ina kizio chake, grei, kinachoeleweka Nairobi kama Tokyo. Plazma haina kizio kimoja kilichokubaliwa, na kipimo kidogo huchochea seli zigawanyike, jambo zuri kwa kidonda cha kawaida na la kuangaliwa kwa makini penye saratani. Wapo pia wanaouliza: kama kazi kubwa inafanywa na peroksaidi, mashine ya nini? Watetezi hujibu kwamba mchanganyiko wake una nguvu kuliko peroksaidi peke yake, na maabara kadhaa zimewaunga mkono. Mimi naona hoja yao ina uzito, ila ni hoja ya sahani za maabara na panya.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: mama asikose hata siku moja. Mionzi ya mlango wa kizazi hupangwa imalizike ndani ya wiki 8 hivi, kwa sababu ukiikatiza, seli zilizobaki hujijenga upya. Tiba anayoifuata imewaponya wanawake wengi wenye ugonjwa kama wake.

Hata hivyo sitaki plazma itupwe pamoja na ile video. Shangazi yangu alikufa kwa saratani ya titi iliyopasuka nje. Tulisaga vidonge vya Flagyl tukamnyunyizia kwenye kidonda, kama muuguzi alivyotuelekeza, na chini ya kitanda tukaweka beseni la makaa ya kunyonya harufu. Ilisaidia kiasi. Wageni wakibisha hodi, alikuwa akivuta kiti chake hadi barazani kabla hawajaingia, akisema anataka upepo.

Utafiti ambao ningependa kuuona Nairobi ni wa watu kama yeye. Hapa kidonda kiko juu ya ngozi, mahali mwale unapofika, na mgonjwa haachishwi dawa yoyote ili aujaribu. Agoni inauzwa Industrial Area. Nairobi Hospice, jirani na Hospitali ya Kenyatta, imekuwa ikihudumia wagonjwa wa hatua hiyo tangu 1990. Nusu wapate huduma ya kawaida, nusu waongezewe plazma, kisha yahesabiwe maumivu, harufu, mara ngapi bendeji inabadilishwa kwa siku, na kama mgonjwa amekula mezani na wenzake.