Malindi na Lamu: miji mikongwe chini ya ugatuzi

Uchaguzi wa Machi 2013 ulipoleta ugatuzi, yaani serikali za kaunti 47, nchini Kenya, mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya yalivunjwa. Kwa miji miwili mikongwe ya Pwani, mabadiliko hayo yalizaa matokeo mawili tofauti.

Lamu ilipanda. Wilaya iliyozoea kusubiri uamuzi wa mkoa kutoka Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, ikapata gavana, seneta na bunge lake. Malindi ikashuka. Mipaka ya kaunti ilifuata wilaya za mwaka 1992, na wakati huo Malindi ilikuwa bado ndani ya Kilifi. Basi mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498, uliokuwa na meya wake hadi juzi, leo bajeti yake hupitishwa na bunge la kaunti nzima ya Kilifi.

Wanaotetea mpango huu wana hoja nzito. Mabaraza mengi yalikuwa yamezama kwenye madeni. Tena mama wa Ganze, eneo kame la Kilifi, anayetafuta maji kila kiangazi ana haki ya fedha za kaunti sawa na mwenye duka wa Malindi, pengine zaidi. Hilo silipingi.

Kinachoniuma ni kwamba mji wenyewe umebaki bila msemaji. Zamani mtaro ukiziba uchochoroni, watu walijua mlango wa diwani wa kubisha, na diwani huyo aliketi kwenye baraza lisilo na kazi nyingine ila mji. Mwakilishi wadi wa leo yupo, lakini bunge lake lina kaunti nzima ya kufikiria. Hata Lamu haikusalimika: ofisi za kaunti zimejengwa Mokowe, bara, na mji mkongwe wa kisiwani, ulio kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, unagombea fungu pamoja na Mpeketoni, Witu na Faza.

Sheria ya Miji ya 2011 ilidai watu 250,000 ndipo mji uitwe manispaa. Malindi haikufika hata nusu. Mwaka 2019 kigezo kilishushwa hadi 50,000. Lakini manispaa ya sasa huongozwa na bodi ambayo wakazi hawaipigii kura kwenye uchaguzi mkuu. Hapo ndipo pa kuanzia: wajumbe wa bodi wachaguliwe na wakazi wa mji. Bunge linaweza kuirekebisha sheria hiyo bila kuigusa Katiba.