Foili haikuwa upanga wa vita
Asanteni kwa makala yenu ya mchezo wa kushindana kwa upanga (fencing), ila pale mnaposema foili, ule upanga mwembamba wa mchezo huo, ni upanga wa vita uliopunguzwa uzito, hapana. Foili haijawahi kwenda vitani. Ilikuwa ya kufundishia, ncha yake imewekwa kifundo ili mwanafunzi asimtoboe mwenzake. Ndiyo maana hadi leo pointi ni kwenye kiwiliwili tu: mwalimu alikuwa anakufundisha kulenga mahali pa kuua. Na ile sheria inayowachanganya watazamaji, kwamba wawili wakichomana kwa pamoja aliyeanza kushambulia ndiye mwenye haki ya pointi, nayo ni ya darasani. Ukiletewa ncha, kwanza ikinge, ndipo ujibu. Nani mwenye akili anaukimbilia upanga?

Upanga wa ugomvi wa kweli ni epee, aina nyingine ya upanga wa mchezo huu. Katika duweli nyingi (mapigano ya watu wawili ya kulinda heshima) za Ufaransa karne ya 19, damu ya kwanza ikitoka basi yameisha, hata kama ni ya kidole. Kwa hiyo kwenye epee mwili mzima ni shabaha, mpaka vidole vya miguu, na wawili wakichomana kwa pamoja kila mmoja anapata pointi.

Mmeisahau pia taa ya umeme, inayowaka ncha ikigusa, iliyoingia kwenye epee ya Olimpiki mwaka 1936. Hiyo nayo ikaleta wizi wa aina yake. Olimpiki ya Montreal 1976, kwenye pentathloni, shindano la michezo mitano ikiwemo epee, Boris Onishchenko wa Umoja wa Kisovieti alificha swichi kwenye mpini wa epee yake ili aiwashe taa mwenyewe. Mpinzani wake, Jim Fox wa Uingereza, karudi nyuma, hajaguswa popote, taa hiyo ikawaka!