Trail of the Pink Panther: tusiitupe yote

Kila ikitajwa filamu ya Trail of the Pink Panther ya 1982 watu wanasema ile ni kufukua kaburi, basi, mjadala umeisha. Mwigizaji Peter Sellers alifariki Julai 1980 akiwa na miaka 54, halafu dairekta Blake Edwards akachukua sini zilizobaki za The Pink Panther Strikes Again ya 1976 akaziunga kwenye stori mpya, Inspekta Clouseau, yule mpelelezi Mfaransa wa kuchekesha aliyeigizwa na Sellers, akarudi sinema wakati mwigizaji mwenyewe keshazikwa. Mjane wa Sellers, Lynne Frederick, akashtaki na mwaka 1985 mahakama ya London ikampa ushindi, fidia zaidi ya dola milioni 1.

Mjane alikuwa na haki, hilo sibishi. Sellers enzi za uhai wake alikuwa na mamlaka kimkataba ya kuzuia vipande visivyotumika, na mtu akishakataa akiwa hai kifo hakimbadilishii jibu. Tena yeye na Edwards walikuwa hawaivi, mpaka anafariki alikuwa anaandaa filamu nyingine ya Clouseau ambayo Edwards hayumo.

Ila tazama kilichomo jamani kabla ya kuitupa yote. Kuna ile sini Clouseau yuko kwenye ndege, kajifunika plasta ngumu za hospitali ili maadui wasimtambue, sasa kabanwa na anataka kuingia chooni, na vyoo vya ndege unavijua vilivyo vidogo, hapo ndo Sellers anafanya kile ambacho hakuna mwingine aliyekiweza, anahangaika kwa heshima zote, uso umetulia kabisa kama ofisa anayetimiza wajibu huku mwili unamuaibisha. Yule ni yeye, mwili wake, akili yake, pumzi yake. Hizo sini zilikatwa kwa vile filamu ya 1976 ilikuwa ndefu mno, si kwamba hazichekeshi! Na mwaka 1982 hapakuwa na DVD ya kuwekea sini za nyongeza wala YouTube, kwa hiyo kama si sinema zingekaa stoo na mimi na wewe tusingeziona mpaka leo.

Halafu kuna jambo silimalizi kila nikilifikiria. Mwigizaji mwenzake David Niven yumo humo humo, yuko hai, lakini ugonjwa wa neva ulikuwa umeshamdhoofisha sauti, basi wakamtafuta Rich Little, Mkanada fundi wa kuiga sauti za watu, ndiye anayesikika kila Niven akifungua mdomo. Mwaka uliofuata Niven naye akafariki. Yaani marehemu tunamsikia kwa sauti yake halisi, aliye hai tunamsikia kwa sauti ya kuazima, na lawama zote za miaka yote zimeangukia kwenye zile sini za Sellers. Kama hofu ni kumdanganya mtazamaji, mi naona tumelaumu sehemu isiyo yenyewe.

Inapoharibika ni baada ya ndege ya Clouseau kupotea. Anakuja mwandishi wa habari, anayeigizwa na Joanna Lumley, anazunguka kuwahoji waliomjua, katikati wanachomeka vipande vya filamu za zamani ambazo tulishaziona, na hapo kweli inanuka hela. Kibaya zaidi walikuwa wanashuti kwa pamoja na Curse of the Pink Panther iliyotoka 1983, Ted Wass akiwa mpelelezi mpya wa kuendeleza biashara. Trail yenyewe imeandikwa kuwa ni kwa ajili ya Peter, Clouseau wa pekee, sasa kama ni wa pekee mbona mrithi alishaandaliwa?

Mi ningetaka familia na studio wakae mezani wakubaliane, zile sini za 1976 zirudishwe kwenye filamu yake zilikotoka, kwa urefu wake wote, na huyo wa kupotea baharini aachwe huko huko.