Kabla ya kumtafuta mchawi, tazama mishipa ya mguu

Huku Lubumbashi, mama akikaa miezi na kidonda juu ya kifundo cha mguu, mtaa una jibu tayari: amekanyaga dawa. Jirani anatajwa, mke mwenza anatajwa, mganga analipwa. Mimi naomba kwanza mguu utazamwe. Mara nyingi utakuta mishipa imevimba na kujipinda kwenye shavu la mguu, na ngozi iliyozunguka kidonda imekuwa nyeusi, ngumu, inawasha.

Damu iliyoshuka mguuni hurudi moyoni kwa kupanda ndani ya vena. Misuli ya shavu la mguu huisukuma kila tunapopiga hatua, na vilango vidogo ndani ya vena huizuia isianguke tena. Vilango vikilegea, damu hutuama, mshipa hutanuka, na hiyo ndiyo varisi. Presha hiyo ikidumu miaka, ngozi ya kifundoni huchoka, hasa upande wa ndani. Siku mtu akijikwaruza pale, hata kidogo, hapaponi.

Wengine hurithi kwa wazazi. Mimba nyingi, umri na unene huongeza, na kusimama kutwa nako hakusaidii: muuza mboga wa soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, dada msusi, mwalimu, mlinzi wa getini. (Wanaume nao wanazo, suruali inawafichia tu.) Jioni miguu inakuwa mizito, inavimba, asubuhi imenywea, usiku misuli inakaza. Tunasema ni uchovu wa kazi, tunashusha kitenge hadi chini, basi.

Wanaoniudhi si waganga peke yao. Kuna vituo vya afya ambako kidonda hiki hupigwa sindano za antibiotiki mwezi hadi mwezi na kunyunyiziwa unga wa vidonge. Antibiotiki ina kazi pale vijidudu vimeingia, wekundu unasambaa au homa imepanda. Vinginevyo kidonda cha vena kinataka kubanwa: bandeji ya kuvutika, kuanzia karibu na vidole hadi chini ya goti, ikikaza zaidi kifundoni kuliko juu. Afunge aliyefundishwa, tena baada ya kupima mapigo ya damu kwenye unyayo, maana mguu ambao ateri zake, yaani mishipa inayouletea damu kutoka moyoni, zimeziba huweza kuharibika ukibanwa. Mwenye ugonjwa wa sukari asijifungie mwenyewe nyumbani. Naamini kila muuguzi wa kituo angefundishwa kazi hii, pesa nyingi za sindano zingebaki mfukoni mwa wagonjwa.

Mshipa wenyewe pia hutibiwa. Ekografia ya Dopla, kipimo cha kutazama mishipa kwa mawimbi ya sauti, huonyesha damu inarudi chini kupitia wapi. Kuna upasuaji wa kuung'oa, kuna kuuchoma kwa ndani kwa leza au mawimbi ya redio, kuna kuuziba kwa povu la dawa. Watu huuliza, ukiondolewa, damu itapita wapi? Itapita kwenye vena za ndani ya misuli, ambazo tangu mwanzo ndizo hubeba sehemu kubwa. Mwaka 2018 utafiti wa Uingereza, EVRA, ulionyesha faida ya kutokawia: waliofungwa bandeji na kutibiwa mshipa mapema, nusu yao walipona ndani ya siku 56, waliocheleweshewa tiba ya mshipa, siku 82. Wenye pesa watafuata leza India au Afrika Kusini. Bandeji haihitaji viza.

Wembe wa kuchanjia usiguse varisi kamwe. Ikipasuka, lala, inua mguu juu, kandamiza kwa kitambaa safi, kisha upelekwe hospitali. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani. Bonge hilo likifika mapafuni linaweza kuua. Nenda siku hiyo hiyo, hata ikiwa Jumapili.