Nilichora nebula, wakaona kitunguu

Mama mmoja wa Tabata alitaka bango la mita 3 kwa 2 la sherehe ya mwanawe mpenda roketi. "Niwekee anga la rangirangi, kaka, ila lisitishe watoto." Nikaamua kumchorea nebula, yaani wingu la gesi na vumbi la huko angani.

Kwa dpi 100, yaani nukta 100 kwa kila inchi, bango hilo ni pikseli 11,811 kwa 7,874. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, chini huwa naweka buluu iliyokaribia weusi, kamwe si nyeusi tupu. Juu yake tabaka la Solid Noise, kichujio kinachotengeneza mawingumawingu, kwa modi ya Screen inayong'arisha kilicho chini, rangi ya zambarau. Kisha jingine la waridi. Halafu brashi laini, opasiti 10 (inafuta kidogo kidogo), nafuta mawingu sehemu kubwa, maana nebula iliyojaa kila kona ni ukungu tu. Nyota ziwe na pikseli 6 hadi 10, yaani milimita 1.5 hadi 2.5, ndogo zaidi wino unazimeza.

Mwisho kabisa, chengachenga (vidoa vidogo vya kubahatisha) za asilimia 2 juu ya kila kitu. Watu wanaziruka hizi, na ndizo zinazookoa kazi. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi: buluu ikipanda kutoka 10 hadi 40 ndani ya pikseli 6,000, inaruka ngazi kila baada ya pikseli 200. Bila chenga, jicho linaiona kila ngazi.

Usiku fundi wa kuchapa akanipigia, sauti ya mtu anayesubiri ahsante. "Bosi, faili lako lilikuwa na vumbi balaa! Nimekusafishia bure."

Kichujio cha vumbi hulinganisha kila pikseli na majirani zake, na kinachong'aa peke yake hakina bahati. Mbingu nzima ikafagiliwa, zikabaki nyota tatu nene. Chenga nazo zikaondoka, zikaibuka pete za zambarau zenye upana wa sentimita 5, moja ndani ya nyingine. Na zambarau yenyewe ilipotoka RGB, rangi za skrini, kwenda CMYK, rangi za wino, ikapauka, kwa sababu wino haufikii mng'ao wa skrini.

Bango likatundikwa. Shangazi mtu akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Jamani, mbona mtoto kawekwa ndani ya kitunguu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja tu hakucheka. Alinifuata hadi kwenye sahani yangu ya pilau. Anauza vitunguu vya Mang'ola kwa jumla, na hajawahi kuona kilichochorwa vizuri vile.

Nikamuuliza anataka faili la RGB au la CMYK.

"La gunia," akasema.