Rimoti ya kila kitu, labda kwa jirani

Jamani, hizi rimoti za "kila kitu" zinatutafutia ubaya. Nimetoka Mikindani kwa bajaji hadi Mtwara mjini, muuzaji kaniapia: "Chukua kaka, inakubali tivii, king'amuzi, spika, vyote." Nyumbani tivii imewaka. Basi.

King'amuzi kinataka kutafutiwa kodi, yaani namba ya kukiunganisha na rimoti, siyo ya TRA: unabonyeza mkono umenyooka kama ombaomba, kikizima ujue ndiyo kodi yenyewe, na kidole kishaipita! Unaanza upya. Ukibadili betri, imesahau yote.

Spika sasa. Kumbe rimoti yake ya asili ni ya bluetooth, inatumia mawimbi ya redio, hii yangu inatoa mwanga wa infraredi tu, ule usioonekana kwa macho. Ningebonyeza mpaka msimu wa korosho, wapi! Na yule muuzaji alijua, nilimwona akicheka pembeni.